Chupa ya "nano" ya shilingi 1,450: nimeipulizia sukuma miezi miwili, na haya ndiyo niliyoyaona

Nyota mbili kati ya tano. Ningetoa moja, lakini asumini yangu imenizuia, na habari yake nitaifikia.

Chupa yenyewe ni ya mbolea ya maji ya kupulizia majani, inayouzwa kwa sifa ya chembe ndogo mno za zinki na shaba. Jina lake silitaji, wala la duka. Nilinunua chupa moja, duka moja, na huenda toleo lile lilikuwa na lake. Wanaopita upande wa Kongowea kutafuta mbegu wataitambua tu: chupa ya kijani ya mililita 250, ina picha ya jani linalong'ara kama limepakwa mafuta ya nazi, na neno NANO kubwa kuliko maneno mengine yote.

Mie si mkulima wa ekari. Nina kiwanja nyuma ya nyumba huku Bamburi, matuta saba na magunia kumi na moja. Nauza sukuma na mchicha kwa majirani, na pilipili na kotmiri kwa mama mmoja wa viazi karai. Kabla ya kustaafu nilikuwa fundi wa maabara katika shule ya upili. Mtaani wananiita mwalimu, na nimechoka kukanusha. Lakini miaka ile ya kuosha chupa za watoto na kupima asidi imeniachia ugonjwa mmoja: siwezi kutumia kitu bila kukipima.

Shida yangu ni ya kila mtu anayelima huku. Ukipiga jembe mara tatu unakutana na jiwe la matumbawe. Kiwanda cha saruji hakikuja Bamburi kwa upepo wa bahari, kilifuata chokaa. Na ardhi ya chokaa ina tabia ya bahili: zinki na chuma vimo ndani, lakini mzizi haupati kwa sababu chokaa huvishikilia. Matokeo ni majani machanga kugeuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani, kama ramani ya mito. Sukuma ya namna hiyo mteja huishika, akaigeuza, akairudisha.

Katikati ya Juni nikenda dukani na jani langu kwenye mfuko wa nailoni. Kijana aliyekuwa kaunta alilitazama mara moja.

"Mama, hii ni zinki. Chukua hii nano. Chembe zake ni ndogo mno, zaingia kwenye jani kama maji kwenye mchanga."

"Ina zinki kiasi gani, mwanangu?"

"Ina zinki na shaba."

"Kiasi gani?"

Akageuza chupa, akasoma mbele, akasoma nyuma, akacheka. "Mwalimu, wewe wataka mtihani." Kumbe ananijua.

Hakukuwa na asilimia. Si ya zinki, si ya shaba. Ukubwa wa chembe pia haukuandikwa. Paliandikwa "mililita 5 kwa lita ya maji", "huongeza mavuno" na "hukinga ukungu". Ningeondoka hapo hapo, ila nilikuwa nimeshapanda matatu mawili kufika, na udadisi ni kitu kibaya. Nikalipa.

Kwa wasiolijua hili neno: nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chembe huitwa ya nano ikiwa kati ya nanomita 1 na 100 hivi, na unywele mmoja wa kichwani una upana wa karibu nanomita 80,000. Faida ya udogo si uchawi. Ukilivunja donge la zinki oksidi likawa vumbi la kiasi hicho, sehemu inayoguswa na maji huongezeka mno, kwa hiyo zinki huyeyuka na kutoka kwa urahisi zaidi.

Na je, zaingia kwenye jani kama maji kwenye mchanga? Kijana alisema nusu ya kweli. Jani lina ngozi ya nta. Sukuma hasa: mwagia maji uone yanavyoviringika na kudondoka kama shanga. Zipo stomata, vile vitundu ambavyo jani huvutia pumzi, na hivyo ni vipana vya kutosha kwa chembe kupita. Lakini ukishapita mlango wa nje, kila seli ina ukuta, na vitundu vya ukuta huo ni vya nanomita chache tu, kwa kawaida hazifiki hata 20. Chembe ya nanomita 80 itabaki barazani. Kinachoingia chumbani kwa wingi ni zinki iliyokwisha kuyeyuka, yaani ioni, ile ile ambayo ungeipata kwenye zinki salfeti ya kawaida. Kwa hiyo chembe ya nano ni kama mbebaji aliyekaa mlangoni akitoa mzigo kidogo kidogo. Kazi hiyo ina faida yake, lakini si ile niliyouziwa.

Siku ya kwanza nilifanya kosa. Nilichanganya na maji ya kisima. Kisima chetu kina chumvi, kama vingi vya pwani hii. Chai yake hainyweki. Nikaweka mchanganyiko kwenye chupa ya jemu ya kioo, nikaenda kuswali Alasiri. Niliporudi, chini palikuwa na mashapo meupe yamekaa kama tui la jana, na juu maji maangavu. Hapo nikajicheka. Chembe za nano hubaki zimetawanyika kwa sababu zinasukumana kwa chaji zake za umeme, na chumvi huuvunja msukumano huo, basi zinagandamana na kuwa madonge. Madonge hayo si nano tena. Nimelipa shilingi 1,450 kununua udogo, kisha nikaukuza kwa maji yangu ya kisima!

Chupa haisemi neno lolote kuhusu maji. Kwa bidhaa inayouzwa Mombasa, mji ambao wengi wetu twaishi kwa visima na mitungi ya mkokoteni, hilo peke yake limeila nyota moja. Baadaye nilitumia maji ya mvua niliyoyaweka kwenye tangi tangu masika, na chupa ya jemu ikakaa na weupe wake kama maziwa mepesi hadi jioni, bila kutuama. Ukiinunua, jaribu hivyo kwanza.

Sasa basi, matuta. Nilichukua matatu, kila moja na miche 12 ya sukuma ya umri mmoja kutoka kitalu kimoja. La kwanza nilipulizia nano, mililita 5 kwa lita kama walivyosema. La pili zinki salfeti, gramu 3 kwa lita, niliyopimiwa nusu kilo kwa shilingi 200 kwenye duka jingine, ikafungwa kwenye gazeti kama sukari. La tatu maji matupu. Yote matatu niliyatilia tone la sabuni ya vyombo ili dawa ishike kwenye ile nta. Nilipulizia kila baada ya wiki mbili, mara nne, alfajiri kabla kusi haijaamka. Kusi ya Julai ikishaanza, unachopulizia sukuma kinakwenda kwenye nguo za jirani.

Tuta la salfeti lilikuwa la kwanza kushika kijani, wiki ya pili. Lakini miche minne iliungua kingo za majani, zikawa kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto. Tuta la nano lilichelewa hadi wiki ya tatu, ila halikuungua hata jani moja, na hilo nalihesabu kwa haki: zinki inayotoka pole pole haichomi. Kufikia mwisho wa Agosti, sikuweza kuyatofautisha kwa macho. Mafungu niliyouza: nano 31, salfeti 33, maji matupu 22. Tuta la maji liko karibu na mwembe na hupata kivuli mchana, kwa hiyo msiseme lile pengo lote limeletwa na zinki.

Bei, sasa. Chupa ya nano inatoa lita 50 za kupulizia, yaani shilingi 29 kwa lita. Nusu kilo ya salfeti inatoa lita 166, yaani shilingi moja na senti ishirini. Mafungu yale yale.

Nilipomrudia kijana na hesabu hii, akanionyesha chupa nyingine, yurea ya nano, ati "chupa moja ni gunia zima". Hiyo si madini, lakini ilinikumbusha India, ambako chupa kama hizo zilianza kuuzwa 2021: nusu lita, ikitangazwa kuwa badala ya gunia la kilo 45. Nitrojeni yake ilikuwa asilimia 4, maana yake gramu 20 hivi ndani ya chupa. Gunia la yurea la asilimia 46 lina zaidi ya kilo 20. Gramu ishirini na kilo ishirini! Nilimwambia, "Mwanangu, hata iingie yote bila tone kumwagika, mmea utakula nini?" Akasema hilo ni la kampuni, yeye ni muuzaji. Sikumlaumu.

Nililomlaumu ni jingine. Wakati naondoka mara ya kwanza aliniongezea ushauri wa bure: "Na ukiloweka mbegu humo usiku mmoja, zinatoka na nguvu." Ushauri huu ndio ulioniudhi kuliko bei, na nitaueleza kwa urefu kwa sababu nimesikia watu wawili sokoni wakiurudia.

Nilichukua visahani vinne, pamba, na pojo 20 kila kisahani. Kimoja maji ya mvua. Kimoja nano kwa kipimo cha chupa. Kimoja nano mara mbili, kwa sababu najua wenzangu, kifuniko kimoja hakimtoshi Mswahili. Cha nne zinki salfeti gramu 3 kwa lita. Nikavifunika, nikaviweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Siku ya tano pojo karibu zote zilikuwa zimechipua, ila kwenye kisahani cha salfeti. Ungetazama haraka ungesema nano haina neno. Lakini mimi nilitoa rula. Kwenye maji ya mvua mizizi ilikuwa sentimita tano, sita, myeupe, na nywele zake laini. Kwenye nano haikufika sentimita mbili, ncha zimekuwa hudhurungi. Kwenye nano mara mbili ilikuwa kama vijiti vya kiberiti vilivyovunjwa. Na kwenye salfeti mbegu nyingi hata hazikupasuka vizuri, nalo nalisema ili mtu asidhani natetea mchanganyiko wangu wa bei rahisi: kipimo cha jani si kipimo cha mzizi, kiwe cha nano au cha gazeti.

Haya si mageni. Mwaka 2007 Daohui Lin na Baoshan Xing, wa chuo kikuu cha Massachusetts kule Marekani, walijaribu chembe za nano za aina tano kwa mimea sita, ikiwemo figili, mahindi na tango. Kuchipua kwa mbegu hakukuathirika sana, ni mizizi iliyodumaa. Chembe za zinki na zinki oksidi zilipunguza urefu wa mzizi wa figili kwa nusu kwenye miligramu 50 hivi tu kwa lita. Mbegu ina ganda linaloilinda. Mzizi mchanga hutoka uchi. Na mwaka uliofuata watafiti wa Korea Kusini walijaribu shaba ya nano kwa pojo na ngano, na pojo ndiyo iliyoumia zaidi. Chupa yangu ina zinki na shaba, na watu waambiwa waloweke pojo.

Madhara yenyewe yana njia zaidi ya moja. Zinki ikizidi hugombana na chuma mlangoni mwa mzizi, na mmea ukakosa chuma: majani yanarudi manjano, ule ule ugonjwa uliomfanya mtu anunue dawa. Kisha ataongeza dawa. Shaba ikizidi huzalisha ndani ya seli aina kali za oksijeni zinazochoma utando wake. Zinki na shaba ni chakula cha mmea kwa kiasi cha chumvi kwenye wali. Mkono ukiteleza, sufuria zima la kumwaga.

Je, yaliyobaki kwenye pampu umwage kwenye udongo? Udongo una huruma kuliko kisahani. Mwaka 2008 walipoipa miboga chembe za oksidi ya chuma ndani ya maji, ilizinywa na kuzipandisha hadi kwenye majani; miboga iliyopandwa kwenye udongo haikuzinyonya, kwani udongo ulizishika. Maharagwe waliyoyajaribu pamoja nayo hayakuzinyonya kabisa. Halafu mzizi wenyewe una ukanda usiopitisha maji ndani, ukanda wa Kaspari, unaokagua kila kinachotaka kuingia kwenye mishipa ya maji, kama askari wa getini. Lakini askari huyo ana mianya yake, kwenye ncha changa na pale mzizi wa pembeni unapochomoza. Na udongo ukishashika chembe, hazendi mbali. Ukimwaga kila wiki mbili pahali pamoja, unaweka akiba usiyoitaka. Mie hupulizia hadi tone la mwisho.

Sasa swali aliloniuliza mama wa viazi karai, na ndilo lililonifanya niandike: "Bi mkubwa, tukila hii sukuma tunakula chuma?"

Nilimjibu hivi. Mwaka 2012 watafiti wa California walitoa ripoti ya soya waliyoipanda kwenye udongo uliotiwa zinki oksidi ya nano hadi ikazaa. Zinki ilipanda mpaka kwenye majani na punje. Wenzao walipoichungulia kwa miale ya eksirei mwaka uliofuata, zinki ya ndani haikuwa tena chembe za oksidi. Nyingi ilikuwa imeshikana na asidi kama ile ya ndimu. Mmea ulikuwa umeishaigeuza ikawa zinki ya kawaida. Zinki ya kawaida mwili unaihitaji. Ila katika udongo mwingine wa majaribio hayo walitia seriamu, madini ambayo mmea hauna kazi nayo, nayo ilibaki na uchembe wake, na ikazuia vile vinundu vya mizizini vinavyotengeneza nitrojeni. Kwa hiyo nano si kitu kimoja. Uliza madini gani. Chembe zingekuwa za madini ya fedha, na chupa za namna hiyo zipo, nisingeipulizia mboga ya mtu hata kwa bure.

Kinachobaki juu ya jani ni hadithi nyingine. Niliona vumbi jeupe kwenye mikunjo ya sukuma hadi siku ya nne. Kuosha kunaondoa la juu. Chupa haikuandika siku za kungoja kabla ya kuvuna, nikajiwekea wiki moja mwenyewe, na nikafunga kitambaa puani kila nilipopulizia, maana mapafu hayana ukanda wa Kaspari.

Na yale maneno "hukinga ukungu"? Hapa nchini kitu kinachodai kuua au kukinga ukungu kinapaswa kuwa kimesajiliwa na Bodi ya Udhibiti wa Dawa za Wadudu, na nambari ya usajili iwe kwenye lebo. Nimeitafuta nambari kwa miwani na bila miwani. Labda mwenye chupa alidhani kuiita mbolea kunamtosha. Kuhusu ukungu wenyewe, sikuona tofauti. Bamia zilizokuwa na unga mweupe zilibaki nao.

Duka: safi, lina kivuli, mbegu zake zina tarehe, na kijana ana adabu. Nilimpelekea chupa ya jemu yenye yale mashapo meupe, akaipiga picha akamtumia msambazaji mbele yangu. Jibu lilikuja kabla sijamaliza soda: "Mwambie atikise." Kurudishiwa pesa, hakuna, na risiti waliyonipa imeandikwa "dawa 1" basi. Lakini ukienda kununua mbegu za mchicha, nenda, ni nzuri.

Nani ainunue, basi? Mwenye miche michanga inayoungua haraka, mwenye maji ya mvua, na mwenye kuweza kulipa shilingi 29 kwa lita bila kusikia uchungu. Wengine, zinki salfeti kwa mkono mwepesi, gramu 2 badala ya 3 zangu, na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri kwenye shimo. Tuta langu la maji matupu nimelitilia samadi mwezi wa Septemba na majani mapya yanatoka na rangi.

Na asumini. Nina mtungi mmoja wa asumini barazani, wa mamangu, umekuwa manjano miaka miwili, maua mawili matatu ya kuona haya. Salfeti iliuunguza mara ya kwanza tu nilipoijaribu, majani yake ni laini. Nikaupulizia nano iliyobaki, nusu ya kipimo, na maji ya mvua. Hauliwi, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi wa siku za kungoja. Ijumaa iliyopita niliokota maua ya kutosha vikuba viwili vya kujipambia, nikampa kimoja binti wa jirani aliyekuwa anakwenda harusini Kisauni. Chupa ina mililita 30 zimebaki. Zote ni za asumini.